Kadi za Jumamosi: saa imebadilika

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunaanza saa 4 asubuhi, si saa 3. Mahali ni palepale.

1. Kila mmoja alete manila A4 tatu. Moja ikikatwa katikati inatoa kadi 2 za kukunja, sm 10.5 × 14.8.
2. Karatasi za maua zikatwe kabisa nyumbani, sm 9.5 × 13.8, ili nusu sentimita ya manila ionekane pande zote.
3. Gundi ya kijiti tu, jamani! Ya maji hulowesha karatasi, ikikauka inajikunyata, na hapo haina dawa.

Mstari wa mkunjo tutaukandamiza kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, maana manila nzito ikikunjwa hivihivi hupasuka.

Anayekuja aandike "nipo" kabla ya Alhamisi jioni, na aseme kama ana mkasi.