Barua ya Wazi kwa Vijana wa Chama Chetu Huku Marekani

Wanangu,

Marahaba kwa wote mlionisalimia kule ukumbini siku ya msiba. Naandika kwa sababu ya neno moja nililolisikia nikiwa jikoni nagawa pilau. Kijana mmoja, simtaji, alisema: "Hawa weusi wa hapa wanalalamika mno. Sisi tumekuja kutafuta maisha." Wenzake wakacheka. Nikauangalia mkono wake ulioshika sahani, mweusi kama wangu, nikanyamaza. Msibani hapagombwi. Sasa arobaini imepita, naomba mnisikilize.

Kwanza nikiri. Nilipofika nchi hii mwaka 1988 nilikuwa na mdomo huohuo. Nilifanya kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba moja ya kulelea wazee. Mwenye kazi akawa anatukata saa za jioni kwenye mshahara, nami najisemea ndiyo ugeni. Aliyenifundisha kuandika saa zangu kwenye kijidaftari, kisha akanipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi, ni mama mmoja mzaliwa wa Alabama. Pesa zangu zikarudi. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Montgomery, mji wa kwao Alabama, yeye ameshika pembe mbili za shuka na mimi mbili.

Rosa Parks mnamjua, shuleni mmeambiwa alichoka, akakataa kuinuka kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Alikamatwa kweli, tarehe 1 Desemba 1955. Lakini Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, pale mjini, kazi hiyo ameianza zamani. Na mwezi Machi mwaka huohuo, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa ameshakamatwa kwa kugoma kutoka kwenye kiti cha basi. Siku hizo mtu mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, akashuka, akazunguka kupandia wa nyuma. Kuna madereva waliondoa gari akiwa bado anazunguka, na nauli wameshaipokea. Usiku ule Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha kwenye mashine ya kudurufu pamoja na wanafunzi wake wawili, wakichapa maelfu ya makaratasi: Jumatatu asipande mtu basi.

Watu hawakupanda kwa siku 381.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Mnamkumbuka Martin Luther King, kiongozi wa mgomo ule, akihutubia, na alihutubia vizuri. Ila hotuba haikufikishi kazini saa kumi na mbili asubuhi. Walipanga magari, mamia, yenye vituo na ratiba. Makanisa yakanunua mengine. Wakuu wa mji wakawabana kila upande, bima za magari zikafutwa, wakaenda kutafuta bima hadi London. Petroli nani alilipa? Michango. Georgia Gilmore, mpishi, alikusanya kina mama wenzake, wakawa wanakaanga kuku na kuoka keki, wanauza saluni na milangoni kwa watu, fedha wanazipeleka kwenye mkutano wa jioni. Wengi wao walikuwa wapishi na wafuaji kwa wazungu. Jina likijulikana, kibarua kimeota nyasi. Basi wakajiita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana. Ukiuliza fedha zimetoka wapi, jibu ndilo hilo. Mimi mweka hazina wenu wa miaka 11 nilicheka peke yangu nilipolisikia jina hilo. Gilmore mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani, akafukuzwa kazi, akageuza nyumba yake kuwa mgahawa. Alifariki Machi 1990 akiwa kwenye maandalizi ya chakula cha kumbukumbu ya maandamano ya Selma, yale ya kudai haki ya kura. Chakula kilekile wakalishwa waliokuja kuzika.

Sasa niambieni, huo si mchango mnaoujua? Wiki mbili tu tulipata pesa za kusafirisha mwili hadi Mwanza. Huo ufundi tunao. Tumeuweka kwa ajili ya harusi na misiba basi.

Na msidhani tulikuja hapa kwa ujanja wetu. Chini ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, maeneo kadhaa ya Afrika yaligawiwa nafasi 100 tu kwa mwaka kila moja. Mgawo ule uliondolewa na sheria aliyotia saini Rais Johnson tarehe 3 Oktoba 1965, hata miezi miwili haijatimia tangu asaini sheria ya haki ya kura. Bunge lililopitisha zote mbili ni lilelile, na lilikuwa limesukumwa na wapigania haki za weusi waliopigwa virungu na kuumwa na mbwa. Viza yako imepita mlango huo.

Kuhusu "sisi si kama wao": Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, miaka 23, alikuwa anauza bidhaa ndogondogo barabarani New York. Februari 1999 polisi wanne walimfyatulia risasi 41 mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiishi. Hakuwa na silaha. Hakuna aliyemuuliza kwanza amezaliwa wapi.

Sisemi Wamarekani Weusi ni malaika. Wapo wanaotudharau, wanatuuliza kama kwetu tunalala mitini, na ninawajibu. Lakini kutukanana na ndugu na kula kwa mgongo wake ni mambo mawili.

Kanisa lao lililo jirani na ukumbi wetu huwapeleka wazee kupiga kura kila uchaguzi. Mwaka huu wamepungukiwa madereva. Nimewaahidi sita, sikumwuliza mtu, mnisamehe. Petroli tutachanga, kitabu cha risiti ninacho. Mwenye gari la viti saba anipigie kabla ya Ijumaa.

Mama yenu, mweka hazina