Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mifumo: tuliomba RAM, tukaletewa diski

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima. Barua tatu za ndani zilijibiwa kwa maneno yaleyale: "suala linashughulikiwa." Usiku wa kuamkia jana, mvua ya radi ikiwa imeshika kasi, vituo vinavyochukua data za hali ya hewa kwenye seva yetu ya usambazaji vilipata picha za rada zenye mapengo. Ndiyo maana barua ya nne inaandikwa hadharani.

Kwanza shukrani. Diski ya terabaiti 4 imefika salama. Hakuna aliyeiomba.

Kilichoombwa tangu barua ya kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya seva. Seva inaendesha LDM, programu ya Unidata ya kupokea na kusambaza data, na moyo wa LDM ni foleni: faili moja la ukubwa uliopangwa, ambalo michakato yote hulisoma na kuliandika kupitia RAM. Bidhaa mpya, yaani kifurushi kimoja cha data, ikifika na foleni imejaa, ya zamani kuliko zote inafutwa. Foleni haiulizi nani bado hajaichukua. Foleni iliyopo ni ya GB 2, na saa ya kilele zinaingia GB 12. Kwa hiyo kila kitu kinakaa humo dakika 10 tu. Asiyeamini aendeshe pqmon, amri ya kukagua foleni, wakati huo na asome safu ya mwisho, inayoonyesha umri wa bidhaa kongwe kwa sekunde: inachezea 600.

Kituo kikikatika mtandao kwa dakika 15, kinaporudi huomba kuendelea pale kilipoachia. Dakika 5 za mwanzo hazipo tena. Faili la rada hutumwa vipande vipande, na kipande kimoja kikikosekana, skani (mzunguko mmoja wa rada) inabaki na pengo. LDM kwa kawaida huruhusu kurudi nyuma hadi sekunde 3600, yaani saa nzima. Kuahidi saa nzima huku umebeba dakika 10 ni ahadi ya aina tuliyoizoea.

Kuna na hili, ambalo halionekani kwa haraka. Data inatoka kwenye vyanzo viwili ili kimoja kikizimika kingine kiendelee. LDM huitambua nakala ya pili kwa saini yake ya MD5, alama inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe, mradi ile ya kwanza bado imo kwenye foleni. Chanzo cha pili kikichelewa dakika 12, saini imeshaondoka, na nakala inapokewa kama mgeni. Inasambazwa upya kwa vituo vyote, inakula mtandao, na inasukuma nje bidhaa halali. Foleni ndogo inajijaza yenyewe.

Ofisi yako ilijibu kwamba wastani ni GB 5 kwa saa. Ni kweli: GB 120 za siku ukigawa kwa 24 unapata 5. Lakini matokeo ya modeli za utabiri wa hali ya hewa hayaji kwa wastani. Huja kwa mafuriko, saa chache baada ya mizunguko ya 00, 06, 12 na 18 UTC. Foleni hupimwa kwa kilele.

Sasa waraka wa wiki iliyopita unaagiza foleni ipandishwe hadi GB 12, na seva ibaki na RAM ya GB 8. Tafadhali, hapana. Foleni ikizidi RAM, mfumo unaanza kuhamisha kurasa za kumbukumbu kwenda na kutoka kwenye diski. Mchakato wa pqact, unaotoa bidhaa na kuziandika kama mafaili, unabaki nyuma hadi logi inaonya kwamba unashughulikia bidhaa kongwe kabisa kwenye foleni. Hatua inayofuata baada ya onyo hilo ni kupoteza data. Huenda waraka uliandikwa kwa kuitazama ile diski mpya.

Na mkaguzi aliyejumlisha michakato 25, kila mmoja GB 2, akapata GB 50 na kusema ombi letu halitekelezeki, aelezwe kwamba hizo ni GB 2 zilezile. Michakato inagawana foleni moja. Haijumlishwi.

Hesabu yetu ni hii. Kilele cha GB 12 ukiongeza theluthi moja ya akiba ni foleni ya GB 16. RAM ni GB 32, ili foleni ikae yote na michakato mingine ipate pa kupumulia. Bidhaa zetu zina wastani wa kilobaiti 30, hivyo idadi ya nafasi (slots, moja kwa kila bidhaa) iwekwe 600,000. Nafasi zikiisha kabla ya baiti, ufutaji unaanza vilevile.

Kazi yenyewe ni fupi: regutil -s 16G /queue/size, idadi ya nafasi kwenye /queue/slots, kisha ldmadmin stop, delqueue, mkqueue, start. Ifanywe mbali na kilele, kwa sababu delqueue inafuta kila kilichomo.

Hatuombi seva mpya, wala kamati. Tunaomba vipande viwili vya RAM, GB 16 kila kimoja. Vipande viwili, Mheshimiwa.

Wako katika kazi,
Mafundi wa zamu, seva ya usambazaji

N.B. Diski ya terabaiti 4 bado imo kwenye boksi lake. Ikihitajika kwingine, ichukuliwe.