Naomba kinanda, na uje nacho mwenyewe

Ndugu yangu Deo,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imechelewa, na Mama Neema bado anaulizia zile picha za kipaimara. Nina haraka: nahitaji kinanda chako.

Jumanne nilikuwa kidato cha pili na jedwali la elementi. Nikaziandika ubaoni kwa kufuata uzito wa atomi, bila neoni, maana zamani haikujulikana: lithiamu, beriliamu, boroni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, florini, halafu sodiamu. Rehema, yule wako wa sauti ya kwanza kwayani, akanyoosha kidole: "Mwalimu, si kama do re mi? Ya nane imerudi kulekule." Darasa zima likaangua kicheko. Kengele ikalia, nami nikatoka bila kumtetea. Tangu siku hiyo roho inanisuta.

Maana alichosema mtoto yule ndicho alichosema John Newlands, mkemia wa Uingereza, mwaka 1865, akakiita Kanuni ya Oktavu, kwa mfano wa zile noti nane za muziki. Lithiamu laini, inakatika kwa kisu, ukiitia majini inatoa mapovu. Sodiamu, ya nane yake, vivyo hivyo na kwa ukali zaidi. Hesabu nane tena, potasiamu hiyo. Machi 1866 akasimama mbele ya Chama cha Kemia, London. Mwanafizikia George Carey Foster akamuuliza kama amewahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kwa alfabeti, Deo! Na chama kikakataa kumchapishia.

Kweli, kupita kalsiamu mpango wake uliyumba: kobalti na nikeli alizibana chumba kimoja, chuma akakiweka ukoo mmoja na oksijeni. Mendeleev, mkemia wa Urusi, 1869, aliacha nafasi wazi kwa zile ambazo hazijagunduliwa, na ndipo mambo yakakaa. Lakini ule mrudio Newlands alikuwa ameusikia. Nishani ya Davy, tuzo ya kemia ya Royal Society ya London, akapewa 1887, miaka 21 baada ya kikao kile.

Sitaki Rehema angoje hata wiki. Nataka upige noti moja kwa kila elementi, yeye asimame ubaoni aonyeshe, wale waliocheka wasikie kwa masikio yao.

Ijumaa, kipindi cha tatu, utaweza? Shabani amekirudisha kinanda? Kinatumia betri, au niombe waya wa umeme ofisini? Na Rehema, Jumapili alikuja mazoezini? Aliimba?

Wako,
Eliza