Mwanangu, chagua upande mmoja

Mwanangu mpendwa,

Ratiba yako nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho. Serengeti, Kilimanjaro, Kigoma kwa sokwe, Kilwa, halafu Zanzibar kupumzika, yote ndani ya wiki mbili, mwezi wa nne, na watoto wawili kiti cha nyuma. Hiyo si likizo, ni ziara ya kampeni.

Ramani ya ukutani inadanganya. Nchi hii ina zaidi ya kilometa za mraba 940,000. Ukiziunganisha Ufaransa na Ujerumani bado hazitufikii. Dar hadi Kigoma kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,200, na ukishafika, wajukuu zangu kwa umri wao hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni. Hifadhi ya sokwe ya Mahale haina hata barabara ndani, ni boti na miguu. Kilimanjaro nao peke yake unakula siku tano au zaidi. Hayo yafute. Shika upande mmoja wa nchi, mwingine mtauendea mwaka mwingine.

Mimi nakushauri uende kusini, na usiseme ni kwa sababu ndiko nilikoendesha lori. Haya, kidogo ni kwa sababu hiyo. Lakini barabara ile ya Tunduma ni moja tu, na kandokando yake unapata mbuga, msitu, mibuyu, baridi na mwishoni ziwa, bila kurudi mara tatu mjini kubadili gari.

Kwanza tumalize suala la mvua, maana hapo ndipo watu wengi hupotezea hela zao. Pwani na kaskazini kuna vuli na masika. Kuanzia Iringa kwenda Mbeya ni msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hivi mpaka Aprili. Kwa hiyo mwezi wako wa nne utanyeshewa ukiwa Dar na utanyeshewa tena ukifika huko. Hifadhini majani yanakuwa yamepanda, simba analala hatua chache kutoka barabarani na humwoni, udongo mweusi unanasa magari, na kambi nyingine zinakuwa zimefungwa. Shule zinafungwa Juni na Desemba, basi hiyo ndiyo milango yako miwili. Ubaya wake ni kwamba Juni ni ya wanyama na Desemba ni ya maua. Huwezi kuvipata vyote safari moja.

Maua nasema Kitulo, ule uwanda wa juu kati ya Mbeya na Makete, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu huuita Bustani ya Mungu. Mvua ikishakolea unachanua wote, na okidi pekee ni aina zaidi ya 40. Mizizi ya okidi hizo watu walikuwa wakiichimba kwa magunia na kuivusha Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya eneo lile kulindwa. Ukienda Juni utakuta nyasi za kahawia na asubuhi nyingine umande umeganda juu yake.

Hata hivyo ningekuwa wewe ningechagua mwishoni mwa Juni, kwa ajili ya Ruaha.

Hifadhi ile ina ukubwa wa kilometa za mraba 20,000 hivi, na mnaweza kukaa nusu siku msikutane na gari jingine. Msikimbizane na wanyama. Tafuteni mto wa mchanga kama Mwagusi, zimeni gari, mnyamaze. Tembo atakuja, ataukwangua mchanga kwa mguu wa mbele mpaka shimo lianze kulowa, kisha ataingiza mkonga na kuvuta maji taratibu, huku ndama amesimama katikati ya miguu ya mama yake akichovya kamkonga kasikofika. Wakiondoka, wanyama wengine husogea kunywa palepale. Mto wenyewe, Ruaha Mkuu, tangu 1993 hukatika maji sehemu nyingine kila kiangazi, kwa kuwa huko juu, Usangu, maji yanachukuliwa na mashamba ya mpunga na mifugo. Waambie na hilo watoto, maana mchele wa Mbeya wanaufahamu vizuri.

Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, zinavuta mbung'o, na mbung'o wa Ruaha anauma juu ya jinzi. Bebeni vitambulisho vya taifa ili mtozwe kiwango cha raia. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ingieni kama saa nane mchana, mpate jioni ya leo na asubuhi ya kesho kwa malipo yaleyale. Kutoka Iringa mjini hadi huko ni kilometa kama 130, na mle ndani panataka gari la juu linalovuta matairi yote manne. Gari lenu liacheni Iringa, mkodi.

Njiani, ile hifadhi ya Mikumi barabara kuu inaikata kilometa 50 hivi. Mwambie mkwe asizidishe mwendo hapo: trafiki wana tochi za kupima mwendo, na ukigonga mnyama kuna faini, kubwa au ndogo kutegemea umemgonga nani. Twiga mtawaona kutoka barabarani bila kulipa senti. Ruaha Mbuyuni simameni mnunue vitunguu mkiwa mnarudi, si mkiwa mnakwenda, au gari zima litanuka wiki mbili. Mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, mpande mchana. Malori yanapanda kwa mwendo wa kutambaa, kona zimebana, na kila siku kuna mwenye haraka anayeovateki asikoona mbele. Mkishuka kurudi, mkwe ashuke kwa gia, asiichome breki.

Mkitaka msitu, Mikumi mjini mnakata kushoto kwenda Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, mkapande maporomoko ya Sanje, mita 170. Mdogo atalia njiani, mbebeni. Siku za mwisho wekeni Matema, Ziwa Nyasa, maji safi na vyungu vya Wakisi. Zanzibar acheni, bahari wanaiona kila Jumapili.

Nitumie tarehe halisi za ruhusa yako kazini kabla hujalipia chochote, nimpigie rafiki yangu wa Iringa mwenye magari. Mama yako anasema mbebe masweta, na kwamba koti lako la Dar si sweta.

Msalimie mkwe na watoto.

Baba yako