Barua kwa sahibu yangu juu ya majibu ya vipimo vya ami yake

Wete, Pemba

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na dua zetu zote ziko kwa ami yako.

Umeniuliza iwapo mabadiliko yaliyoonekana katika jeni ya kingamwili (silaha ya mwili dhidi ya vijidudu) ndiyo yaliyomtia lukemia, yaani saratani ya damu. La, hayo kwa asili ni kazi halali ya mwili. Seli B, yaani seli nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili, ya mtu mzima wa afya ikikutana na kijidudu au chanjo, huingia katika tezi ya limfu, na huko kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho maabara ya Tasuku Honjo nchini Japani ilikitangaza mwaka 1999, huibadilisha jeni ya kingamwili yake herufi moja moja. Hakigusi ovyo: hupendelea mfuatano wa herufi za jeni kama AGCT, huigeuza herufi C kuwa U, na seli inaponakili jeni hiyo, U husomwa kama T. Kasi yake inakaribia mara milioni ya ile ya jeni nyingine. Kisha seli ambazo kingamwili zao zinamshika adui barabara ndizo zinazoachwa hai, na ndiyo maana mabadiliko hurundikana kwenye vitanzi vinavyomgusa adui, huku kiunzi cha kingamwili kikisalia karibu vile vile.

Katika lukemia sugu ya limfu, ambayo ni saratani ya seli B, seli zote za maradhi zimetokana na seli moja, kwa hiyo hubeba alama zile zile ambazo mzazi wao alikuwa nazo. Mwaka huo huo wa 1999, watafiti wa Uingereza na wa Marekani walionesha jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha: wagonjwa ambao jeni zao za kingamwili zimetofautiana na jeni ya asili, ile ya kuzaliwa nayo kabla ya kubadilishwa, kwa zaidi ya asilimia 2 huishi muda mrefu kuliko wale ambao zao hazikubadilika. Karatasi uliyonitumia inasema jeni ya ami yako inafanana na ya asili kwa asilimia 94, basi yumo katika kundi lile la kwanza, na kwa kawaida hali hiyo haigeuki maradhi yanapoendelea.

Hata hivyo, usiwatangazie jamaa bado. Wapo wagonjwa ambao seli zao za maradhi hutumia jeni ya IGHV3-21, mojawapo ya jeni za kingamwili, ambao maradhi yao huwa makali hata kama jeni imebadilika, na picha uliyopiga imekata mstari wa jina la jeni. Tafadhali nipigie picha nyengine, karatasi nzima.

Wako,
Sahibu yako wa Wete