Mheshimiwa Mkurugenzi, tufuate darasani

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Walimu Kazini

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimeshakuandikia kwa njia ya kawaida, kupitia kwa mkuu wangu wa shule kama taratibu zinavyotaka, na barua zile naamini bado ziko safarini. Hii naiweka hadharani, huenda ikafika mapema zaidi.

Kilichonichosha ni semina ya wiki iliyopita. Mada ilikuwa mbinu shirikishi. Mwezeshaji, kijana mpole ambaye sina ugomvi naye, aliwasha projekta akatusomea slaidi kutwa nzima, neno kwa neno, nasi nakala zake tunazo mkononi. Slaidi moja ilikuwa na piramidi ya rangi: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia, asilimia 90 ya anachotenda. Nayo akatusomea. Sisi tumekaa. Tendo letu pekee lilikuwa kusaini mahudhurio, asubuhi na tena jioni, asije akatoroka mtu.

Kwa faida ya ofisi yako, piramidi ile haina mwenyewe. Edgar Dale, msomi wa Marekani anayebebeshwa mzigo huo, alichora koni yake, mchoro unaofanana na piramidi hiyo, mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Namba zilipachikwa na wengine. Wanafunzi wangu wa hisabati wangeshtuka mapema kuona utafiti ambao majibu yake yote yanaishia na sifuri. Walimu watu wazima tuliojaa ukumbini hatukupewa nafasi ya kuuliza, kwa sababu maswali yaliwekwa mwisho wa siku na siku ikaisha.

Wakati huohuo madarasa yangu yalikuwa hayana mtu. Mwenzangu aliyeombwa kuyashika alikuwa na ya kwake, kwa hiyo aliwaandikia kazi ubaoni akarudi kwake. Nimerudi nimekuta rundo la madaftari hayajasahihishwa, mada imesogea nyuma, na wazazi wanauliza mwalimu alikuwa wapi. Nilikuwa najifunza kufundisha, Mheshimiwa. Usiku nasahihisha, alfajiri naandaa somo, na likizo ikija naitwa semina nyingine. Vyeti ninavyo vya kutosha kufunika ukuta. Hakuna hata kimoja ambacho aliyekitoa aliwahi kuja kuniona nikifundisha.

Naomba nikukumbushe maneno yako mwenyewe. Siku ya Walimu Duniani ulisimama mbele yetu ukasema, "Mafunzo sasa yatamfuata mwalimu darasani." Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu. Ukaongeza kwamba tarehe 5 Oktoba inatukumbusha pendekezo la mwaka 1966 la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu. Ni kweli. Pendekezo hilohilo linataka walimu wapewe muda wa kushiriki mafunzo kazini. Muda, Mheshimiwa. Sehemu hiyo hukuisoma.

Wala hatuombi jambo geni. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipekua tafiti zaidi ya 1,300 kuhusu mafunzo ya walimu, wakabakiwa na 9 tu zenye ushahidi wa kuaminika. Katika hizo, mafunzo yasiyozidi saa 14 hayakuonyesha tofauti ya maana kwenye ufaulu wa wanafunzi. Yaliyosaidia yalikuwa marefu zaidi na ya kuendelea. Tafadhali usisome hapo ukaamua kutuongezea siku za kukaa ukumbini! Saa nyingi za kusomewa slaidi ni usingizi mrefu tu. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa elimu wa Marekani, walieleza tangu miaka ya 1980 kwamba nadharia peke yake haihamii darasani: mwalimu anahitaji kuona mbinu ikifanywa, aijaribu, aambiwe amefanyaje, kisha awe na mtu wa kumsaidia anapoirudia mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Japani walimu wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya karne moja. Wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa pembeni wakiwaangalia wanafunzi, kisha wanalijadili na kulirekebisha. Hakuna projekta inayohitajika.

Sisi wenyewe tulijaribu, bila waraka wala bajeti. Mwenzangu kijana alikuwa anafundisha kujumlisha sehemu, nikaomba kukaa nyuma ya darasa lake. Kazi yangu haikuwa kumkagua yeye. Nilichagua wanafunzi wachache, nikawa naandika wanachofanya. Mwalimu akauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima likaitika ndiyo. Kwenye daftari lililokuwa mbele yangu kulikuwa na nusu kujumlisha theluthi moja, jibu mbili ya tano. Mtoto amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, na yeye ndiye aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukisimama ubaoni huwezi kuliona hilo.

Tulikaa baada ya masomo, tukalivunja andalio la somo lile na kulijenga upya. Kipindi kilichofuata hakuanza na kanuni ya kutafuta asili moja. Aliwapa vipande vya karatasi wavikunje na kuvipaka rangi, kisha akauliza swali moja: mbili ya tano na nusu, kipi kikubwa? Wakapima. Nusu ni kubwa. Basi imekuwaje nusu ikaongezewa kitu halafu ikapungua? Kelele zilizotokea pale nisingeuza kwa cheti chochote ulichowahi kunisainia. Naye alipokuja kukaa nyuma ya darasa langu alinionyesha wanafunzi wa safu ya dirishani ambao huwa wananakili kwa jirani bila mimi kujua.

Tukafurahi. Ratiba ikabadilishwa, kila nafasi tuliyokuwa nayo ikajazwa na vipindi vya walimu walioitwa semina, na mambo yakaishia hapo. Naomba ulisome tena hilo, Mheshimiwa: mafunzo ya kweli yalikufa ili mafunzo yako yafanyike.

Kwa nini inakuwa hivi, sijui hasa, ila nahisi. Semina inahesabika. Unaweza kuandika kwenye ripoti walimu wangapi walikuja, wangapi walisaini, na picha ya pamoja ikapigwa. Walimu wawili wanaobishana juu ya daftari la mtoto hawana picha. Huenda pia fedha hutoka zikiwa zimepangiwa ukumbi na posho, na ukizipeleka shuleni mtu wa hesabu ataguna. Au pengine mnaogopa kwamba mwalimu akipewa muda ataenda kulala. Kama ni hilo, njoo utukague. Tutafurahi kukuona, maana itakuwa umefika darasani kwa mara ya kwanza.

Nimeambiwa jibu litakuwa kuajiri washauri wa kutembelea shule. Sikatai. Uchambuzi wa tafiti 60 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mwalimu akipata mshauri wa karibu ufundishaji wake unaboreka, na wanafunzi wananufaika. Ila ulionyesha pia kwamba mipango ikitanuliwa kwa walimu wengi nguvu yake hupungua. Kwa hiyo mkianzisha, msiwageuze washauri hao wakaguzi wenye fomu za kujaza. Mwalimu akisikia fomu anafundisha somo la maonyesho, na mgeni akiondoka kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Lakini hao wasubiri. Nilitaka kuomba mengi: wawezeshaji wanaofundisha bado, mada tuzichague wenyewe, semina zisiue likizo. Nayafuta yote nabaki na moja, usije ukasema orodha ilikuwa ndefu. Kipindi kimoja kwa wiki. Kiandikwe kwenye ratiba kama vipindi vingine, kiwakutanishe walimu wa somo moja, mmoja afundishe wengine waangalie, na kisiguswe hata kama kuna semina. Hata kama semina hiyo ni ya kwako.

Waraka mmoja kutoka mezani kwako unatosha. Ratiba ya muhula ujao inapangwa sasa hivi, Mheshimiwa. Ikishabandikwa ubaoni utatuambia tusubiri mwaka mwingine, na safari hii sitasubiri kimya.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Hisabati