Maji yakishachemka, punguzeni kuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme juu ya maharage na kuni.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kikao cha wazazi katika shule moja ya bweni huku Njombe. Kabla hakijaanza nikachungulia jikoni. Sufuria kubwa ya maharage iko wazi, inatokota mpaka inamwagikia mafigani, na kijana wa jikoni bado anasukuma magogo. Nikamuuliza kulikoni. "Yachemke sana, mzee, ndiyo yaive upesi."

Nimefundisha sayansi miaka 31 na jibu hilo nimelisikia kila mwaka. Maji yakiwa bado kimya, kila ukuni unaoongeza unazitia chembe zake mbio, na jotoridi linapanda. Yakishaanza kutokota, jotoridi linasimama pale pale, uchochee usichochee. Joto linalozidi lina kazi nyingine: kuzibandua chembe zilizoshikamana mpaka ziruke zikiwa mvuke. Na kazi hiyo ni ghali mno. Kufikisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka kilokalori 80 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunataka nyingine 540. Kuni za shule zinapaa darini. Kusimama huko kwa jotoridi wanakujua hata wauza samaki wa Tanga, ingawa wao wako upande wa baridi: barafu ndani ya boksi hubaki kwenye nyuzi sifuri mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke.

Hizo nyuzi 100 zenyewe ni za Tanga, nilikoanzia kazi. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ni hafifu, chembe zinaponyoka mapema, na maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Mke wangu, mzaliwa wa Pangani, mwaka tuliohamia huku aligombana na muuza maharage sokoni akidai kauziwa ya msimu wa juzi. Maskini muuzaji yule hakuwa na kosa.

Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kufunika sufuria, na yakichemka kuondoa magogo yabaki makaa ya kuyashikilia tu. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha, humo maji hufika nyuzi 120 hivi. Ila mfuniko ufunuliwe kwa tahadhari. Kijana yule ana kovu mkononi. Mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji na kukukabidhi joto lote mvuke huo uliloondoka nalo sufuriani.

Ajenda ya kwanza ya kikao ilikuwa kuongeza mchango wa kuni. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema mambo ya jikoni tutayajadili kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo hatukufika, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mwalimu mstaafu,
Njombe